Wachekeshaji wetu walioondoka kwa sonona: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Niko Mwanga, Kigoma. Juzi dogo alileta Jumanji kwenye flashi, tukaangalia sebuleni, wanangu wakacheka mpaka wa mwisho akapaliwa na chai. Akauliza, "Baba, huyu mzee bado anaigiza?" Nikakwama. Huyo mwigizaji, Robin Williams, alijiua tarehe 11 Agosti 2014, nyumbani kwake California, ana miaka 63. Mimi nilimjulia banda la video, benchi na jasho, mtafsiri anapiga kelele juu ya sauti ya filamu. Alipovaa gauni akawa bibi mlezi kwenye Mrs. Doubtfire, banda zima lilikuwa linapiga miguu chini.

Nilimjibu tu, "Alishafariki." Koo lilinibana, na si kwa ajili ya Mmarekani. Nilimkumbuka kaka yangu.

Kaka alikuwa mvuvi Kibirizi. Mbalamwezi ikiwaka na mitumbwi haitoki, ni yeye aliyewachekesha wenzake wakishona nyavu. Aliiga kila mtu: mwenyekiti wa mtaa, mama wa mawese, hata mbuzi wa jirani. Wiki za mwisho akaanza kulipa vijideni vyake, mia tano huku, elfu moja kule. Akaniletea karabai yake: "Nitunzie hii." Nikacheka, nikijua kuna kichekesho kinakuja. Karabai iko juu ya kabati. Sijawahi kuiwasha.

Yaliyowakuta, karibuni.

Mtu wa Tabora: Pole sana mkuu. Kwetu aliyeondoka alikuwa mtani. Msiba wowote yeye analala katikati ya njia, jeneza halipiti mpaka alipwe, wafiwa wanacheka huku wanalia. Siku tunamzika yeye, watani wenzake walifika wakasimama tu chini ya mwembe. Njia ilikuwa wazi mpaka kaburini. Mmoja alijaribu kutania, sauti ikamkatika. Na kuna watu walikaa barazani wananong'ona habari za laana, sahani za wali mkononi. Hao sijawasamehe.

Kijana wa Reli: Sisi wanaume ukisema huna raha unaambiwa kaoe. Ukisema sonona, watakutania lini unapanda gari la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Nesi Mstaafu: Nyongeza kidogo kwa mleta mada. Williams alipochunguzwa baada ya kufa alikutwa na ugonjwa wa ubongo uitwao Lewy body. Miezi michache kabla alikuwa ameambiwa ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Mjane wake alieleza baadaye kwamba sonona ilikuwa dalili moja tu kati ya nyingi. Kwa hiyo wale wa "alikuwa na hela, alikosa nini?" wapumzike. Pia kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, ndiyo maana ndugu wakifika wodini wanasema mgonjwa kaanguka. Mkiwa na shaka na mtu, muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo hilo, wengi hushusha pumzi.

Mama Shughuli: Mimi ndiye huyo mchekeshaji. MC wa harusi, Ujiji. Mwaka jana nilimaliza shughuli saa nane usiku, nimetunzwa vizuri tu, nikapanda bodaboda nikashindwa kusema naelekea wapi. Yule kijana akageuka: "Anti, umewachekesha wote mle ndani ila wewe sijakuona ukicheka. Kuna nini?" Nikalia mpaka kilemba kikafunguka. Akazima pikipiki, akakaa na mimi ukingoni mwa barabara, hata nauli hakutaja. Alfajiri akanifikisha kwa dada, dada akanipeleka hospitali. Dawa natumia mpaka leo. Jumamosi nina shughuli.

Mleta mada: Anti, ukumbi gani? Nakuja na huyu aliyepaliwa na chai.