Nina siku moja tu Istanbul, niko peke yangu. Nile nini, ninywe nini?

Pita_Njia

Wakuu heshima kwenu. Mwezi wa kumi na moja napita Istanbul, natua saa moja asubuhi na ndege ya kuunganisha ni kesho yake alfajiri, kwa hiyo nina kutwa nzima mpaka usiku. Viza ninayo, mzigo unaenda moja kwa moja, nabaki na kibegi cha mgongoni. Misikiti na makumbusho nilishaviona safari iliyopita nilipoenda na watu wa kazini, tukaswagwa kama mbuzi wa mnadani, halafu chakula kila siku ni bufee ile ile ya hotelini. Safari hii nataka kula tu. Kula na kunywa kutwa, basi.

Shida ni kwamba kukaa mezani peke yangu naona aibu, nahisi mgahawa mzima unanikodolea macho kwamba huyu hana watu. Kuna mji mmoja nilishawahi kulala na biskuti kwa sababu hiyo hiyo, msinicheke. Pili Kituruki sijui hata neno. Tatu pombe situmii. Yale mabrekfasti ya visahani ishirini yanayorushwa mtandaoni ndo nayatamani kuliko vyote, naomba mnielekeze sehemu.

Mzee_wa_Vikombe

Mkuu kwenye hiyo brekfasti ndo nikuzuie mapema. Ile inaitwa serpme kahvaltı, zeituni, jibini aina tatu nne, asali na malai mazito wanayoita kaymak, nyanya, matango, mayai, jamu, meza haina pa kuweka kiwiko. Ni ya watu wanaokaa masaa mawili wanapiga stori, na sehemu nyingi hawaiuzi chini ya watu wawili, ukilazimisha utalipa ya wawili na utaacha nusu. Nilivyoona mimi ule mji una milo miwili ambayo ni ya kundi, huo wa asubuhi na ule wa usiku wa meyhane ambako watu wanakunywa rakı na kuchagua visahani kwenye trei, na wewe pombe hutumii kwa hiyo huo nao achana nao. Vilivyobaki vyote katikati ni vya mtu mmoja, na wenyeji wenyewe wanakula peke yao, wengine wamesimama, hakuna mwenye muda wa kukutazama.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Pale uwanjani nunua Istanbulkart, ndo kadi ya metro, tramu na feri. Panda metro ya M11 mpaka Gayrettepe, badilisha M2, shuka Vezneciler, halafu teremka kwa miguu kuelekea Eminönü kwenye maji. Njiani kula menemen, mayai yamevurugwa na nyanya na pilipili, yanakuja kwenye kikaango kidogo kile kile kilichopikiwa bado yanachemka pembeni, unachovya na mkate. Kikaango kimoja mtu mmoja, hakuna aibu hapo. Ukiona kuketi ni mtihani nunua simit kwenye mkokoteni, mkate wa duara wenye ufuta, utembee unatafuna kama wenzio.

Asubuhi ni chai, kahawa inakuja baadaye. Hata neno lenyewe kahvaltı limetokana na maneno ya "kabla ya kahawa". Chai yao haina maziwa, wanaichemsha kwenye birika mbili zilizopandana, ya juu ina majani makali na ya chini maji matupu, wanakuchanganyia. Ikiwa kali sana kwako sema açık (tamka "achik"), wanazidisha maji. Kiglasi hakina mkono, kina kiuno chembamba, shika ukingoni juu maana ukikumbatia kwa kiganja utajuta. Na wataleta nyingine na nyingine, ukitosheka laza kijiko juu ya glasi.

Ukimaliza panda feri ya Kadıköy pale pale Eminönü. Kama dakika ishirini unavuka kutoka Ulaya mpaka Asia kwa nauli ya kawaida ya watu wa kazini. Kaa nje hata kama ni baridi. Mwezi huo watakuwa wanauza salep, maziwa ya moto mazito ya unga wa viazi vya okidi, juu mdalasini. Mimi ile feri nikiwa pale naipanda hata kama sina ninakokwenda.

Binti_Bahari

Naongezea kwa sababu mimi nimezunguka kule peke yangu mara tatu, tena mwanamke. Mchana kaka tafuta esnaf lokantası, hivyo ndo vimgahawa vya mafundi na wenye maduka. Lugha haihitajiki kabisa. Chakula kimeshapikwa kiko kwenye masinia nyuma ya kioo kinafuka moshi, wewe unaonyesha kidole. Mpishi ana upawa mkononi anakuangalia usoni, ukisita anainua mfuniko wa kingine. Siri yake ni neno yarım, maana yake nusu. Yaani nusu sahani. Ukiwa peke yako tumbo ni moja lakini kwa nusu nusu unaonja vitatu, mimi huwa nachukua supu ya adesi nakamulia limau, nusu ya maharage meupe na wali, nusu ya biringanya. Kuna biringanya la mafuta ya zeituni linaitwa imam bayıldı, yaani imamu kazimia, kwa nini kazimia kila mtu ana hadithi yake. Mkate upo mezani haulipiwi kando, na wengi wanakula wawili watatu wasiojuana meza moja pakijaa.

Ila nenda saa sita au saa saba. Ukifika saa tisa unakuta masinia yamekwanguliwa, mpishi anaosha.

Kwa dada zangu watakaosoma huu uzi, sehemu nyingine wanaweza kukuelekeza ghorofani kwenye aile salonu, sehemu ya familia, siyo kwamba wanakufukuza, mimi mara ya kwanza nilinuna mpaka nikaona kule juu ndo kuna dirisha zuri.

Na kuhusu kutojua lugha, unajua mengi kuliko unavyodhani. Bili ni hesap, yaani hesabu. Duka ni dükkân. Bakshishi ni bahşiş, zeituni ni zeytin, limau ni limon. Na usishtuke wakikusalimia merhaba kabla hujatoa shikamoo 😂

Chunga_Mfuko

Wenzangu wamesema vya kula mimi niseme vya kuliwa. Mkuu kama wewe ni mwanaume uko peke yako jioni mitaa ya Taksim na İstiklal, atakuja mtu msafi kavaa vizuri, atakuuliza saa au kiberiti, halafu eti na yeye ni mgeni katoka mji mwingine kikazi, twende tukanywe kimoja. Usiende. Mimi nilienda. Hata pombe sikunywa, niliagiza soda, wakaja wadada wawili wakaketi wakaagiza vyao bila mimi kusema lolote, na yule "rafiki" akawa anacheka tu. Ilipokuja ile karatasi nilidhani wamekosea sufuri. Wakanisindikiza wanaume wawili mpaka kwenye mashine ya pesa, mmoja kushoto mmoja kulia kama bwana harusi. Jina la baa sitaji, na hata nikitaja haisaidii, mchezo huo hauna baa moja.

Sheria yangu tangu siku ile, mahali nachagua mimi, na bei naona kwenye menyu kabla sijakaa. Bei zenyewe msiulize humu, lira mfumuko umeichezea kiasi kwamba menyu ya mwaka jana ni hadithi za kale.

Kingine kidogo, mpiga kiwi akiangusha brashi mbele yako usimwokotee. Ameiangusha makusudi, utaishia kusuguliwa viatu na kudaiwa.

Kijana_wa_Feri

Mbona hamjamwambia balık ekmek? Samaki wa kuchoma ndani ya mkate na kitunguu na limau pale karibu na daraja la Galata, pembeni unashushia na turşu suyu, maji ya achari ya rangi ya damu ya mzee. Ukifika Istanbul usile hicho umeenda kufanya nini

Mzee_wa_Vikombe

@Kijana_wa_Feri yule samaki mara nyingi ni vibua vya kugandishwa kutoka Norwei, miiba juu, na yeye anaangalia bahari iliyojaa wavuvi darajani. Ale kama anataka picha. Kama ni kitu cha baharini cha kula umesimama mimi nampeleka kwenye midye dolma, kome waliojazwa wali wenye viungo. Muuzaji anafungua gamba, anakamulia limau, anakupa, unakula, anafungua lingine hata hujameza. Hatasimama mpaka useme yeter, yaani basi, halafu anahesabu magamba unalipa. Chagua pale wanapopanga foleni wenyeji, kome waliokaa ni hatari.

Kahawa sasa. Sukari inapikwa humo humo ndani, kwa hiyo unaulizwa kabla: sade haina sukari, orta ya wastani, şekerli tamu. Inakuja na kiglasi cha maji, tangulia maji usafishe mdomo. Mwisho kuna tope chini, liache. Na kama unataka ya kubeba, pembeni ya soko la viungo Eminönü kuna dirisha la Kurukahveci Mehmet Efendi, wapo tangu 1871, utaifuata harufu kabla ya kuona foleni.

Usiku unarudi Vezneciler kupanda metro, pita duka la boza la Vefa Bozacısı, ni karibu na hapo, wapo tangu 1876. Boza ni kinywaji kizito cha nafaka iliyochachuliwa, unakula na kijiko, juu mdalasini na dengu za kukaanga. Kuna kabati la kioo lina glasi aliyonywea Atatürk, rais wa kwanza wa Uturuki, mwaka 1937. Ila metro isikuache, siku za kawaida inafunga karibu na saa sita usiku.

Pita_Njia

Asanteni sana aisee. Hiyo boza iliyochachuliwa, ina kilevi?

Mzee_wa_Vikombe

Kidogo mno, kama asilimia moja hivi, watoto wanakunywa na bibi zao. Ila hilo ni wewe na moyo wako mkuu, mimi siyo shehe.

Pita_Njia

MREJESHO wakuu, nimerudi mzima.

Menemen nilikula asubuhi nikiwa na usingizi mpaka sikukumbuka kuona aibu. Ulimi niliuunguza kwenye lile kikaango, mkasema linachemka nikapuuza. Feri nilipanda mara nne badala ya mbili. Salep nayo mbili.

Kilichonitisha ni lokanta. Nilizunguka nje kama dakika kumi najifanya nasoma simu. Nikaingia, nikasema yarım yarım yarım huku nanyoosha kidole kama mtoto, mpishi akacheka akanipa na kijiko cha kitu ambacho sikuomba. Nikakaa meza ya pembeni kabisa nikaangalia ukuta. Dakika mbili haijapita mzee mmoja ana koti la kijivu akavuta kiti cha mbele yangu, akasema neno, akaketi, akaanza kula. Hakuniongelesha. Alipoona nahangaika na supu akanisukumia kisahani cha limau bila kuinua kichwa, na mimi baadaye nikamsukumia mkate. Tumekula hivyo mpaka mwisho, akafuta mdomo, akasema afiyet olsun, yaani chakula kikupe afya, akaondoka. Chunga_Mfuko usiogope, bili yake alilipa mwenyewe.

Kome nimekula kumi na tisa. Neno yeter lilinitoka kabisa kichwani, nikawa nasema "asante, asante" yule jamaa anadhani nasifia.

Boza sikunywa, nilienda hadi mlangoni nikaona glasi ya Atatürk nikarudi. Zile dengu wanauza duka la ng'ambo ya barabara zikiwa bado za moto, nikanunua pakiti nikazimaliza kwenye metro. Kahawa nilichukua nusu kilo pale dirishani nikaitia kwenye kibegi pamoja na nguo, mpaka leo soksi zinanukia Istanbul.