Andiko limerudi mara ya tatu, na sasa naambiwa niwafundishe wenzangu

BintiMaabara:
Wakuu habari za jioni, na wakubwa shikamooni. Ni mhadhiri msaidizi, Morogoro, nahangaika na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi. Andiko langu la kuomba fedha za utafiti limekataliwa kwa mara ya tatu. Safari hii maoni ni mistari miwili: tatizo halionekani, bajeti haiendani na mbinu. Kichekesho: mkuu wa idara kanipangia semina ya siku 2 niwafundishe wenzangu kuandika maandiko, eti "wewe umeandika mengi". Nianzie wapi?

MzeeWaMaandiko:
Marahaba binti yangu. Nimekaa kwenye majopo ya kupitia maandiko, nikuambie tunavyosoma: usiku, umechoka, hili ni la kumi na moja, na mwandishi hayuko hata kwenye fani yako. Ukurasa wa kwanza usiponishika, mengine nayapitia tu. NIH, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, wanataka malengo mahususi yote yakae kwenye ukurasa 1, hata kama mpango wenyewe ni kurasa 12. Si uchoyo wa karatasi.

Nimeusoma ukurasa wako wa kwanza ulionitumia. Umeanza: "Sumukuvu ni changamoto kubwa duniani." Nani alibisha? Mwaka 2016 watu waliugua na kufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Anzia hapo. Kisha swali: mkulima wa Kongwa, hukohuko Dodoma, akianika mahindi kwenye turubai badala ya chini, sumu inapungua kiasi gani hadi mahindi yanatoka ghalani? Sasa nimekuelewa.

Bajeti ndiyo imenichekesha. Kaya 120, sampuli 2 kila kaya, jumla 240. Halafu umenunua visahani 2 vya kupimia vyenye vishimo 96 kila kimoja, yaani 192, na baadhi ya vishimo vinaliwa na viwango vya kulinganishia, vile vyenye kiasi cha sumu kinachojulikana. Sampuli zinazobaki utazipima kwa macho? Ila posho za semina ya kufungua mradi hukuzisahau.

Kipara_Dom:
Mzee acha hizo, fedha zinakwenda kwa wenye majina. Andika utakavyo, bila profesa wa nje hupati.

MzeeWaMaandiko:
Jina husaidia, sikatai. Ndiyo maana mwanzoni uombe ndogo ndogo, zile za watafiti wachanga, upate cha kuonyesha. Lakini jina la profesa haliwezi kuziba sampuli zisizo na vipimo, Kipara.

Binti, kuhusu semina: slaidi 80 watu watalala. Chukua andiko lako lililokataliwa, ficha jina, wape fomu ya alama, waketi watatu watatu kama jopo. Wape dakika 30. Wakishaliua la mwenzao, mchana wafungue ya kwao. Siku ya pili kila mtu aandike ukurasa mmoja tu, na ausome mtu wa idara nyingine. Kama mwalimu wa historia hajaelewa, urudiwe.

BintiMaabara:
Mzee, nimerudi kuhesabu na aibu imenishika. Kila sampuli niliandika itapimwa mara mbili, kwa hiyo ni vishimo 480. Posho nimezikata, visahani vimekuwa 6. Kuhusu semina, nitawapa andiko hilo hilo, ila jina silifichi.

MzeeWaMaandiko:
Usisahau mafuta ya gari kwenda Kongwa. Hukuyaweka.