KUTOSHA KILIO (KUMALIZA MATANGA) YA BABA 🕊️ JUMAMOSI (kikundi cha familia)

JUMATATU

05:30 Feri: Bonjour familia 🌹

06:14 Mama Mapasa: Bonjour wote. Zimebaki siku tano. Nasoma mara ya mwisho, kisha nitaanza kutaja majina. Viti 80: bado. Turubai: Didi alisema iko, macho yetu hayajaiona. Unga ya bukari: Mama Béa amelipa, aksanti. Kuku: franga nusu. Munkoyo, kinywaji ya mahindi, bido (dumu) nne: Mama Ngoie wa Katuba anangoja avansi. Kibuku bido mbili, ile pombe ya unga ya kikombe.

06:15 Mama Mapasa: Tena nasikia kuko mtu hatashika kikombe. Kikombe ya Baba inazunguka kwa wote. Wote ni wote.

06:31 Papa Didi: 🙏

09:50 Mama Mapasa: Mikono ya kuomba hailipi turubai, Didi.

12:20 Béa: Mama Mukubwa, bonjour. Kama unamsema bibi ya Trésor, ana mimba ya miezi mitano. Muache apumzike na mambo ya kikombe.

12:22 Mama Mapasa: Mimi sikutaja jina.

12:22 Mama Mapasa: Lakini kwa kuwa umelitaja. Ni mkwe wangu, ninampenda. Nani alisema amalize bido? Ni kugusa mdomo. Kidogo. Mapasa wangu nilikuwa nao tumboni, kila Jumapili bia moja ya Tembo, ile nyeusi, inaongeza damu. Wakatoka kilo 3 kila mmoja. Mnawaona.

12:25 Papa Didi: Tunawaona. Mmoja alitoka shabiki wa Lupopo. Pombe ilifanya kazi yake 😂😂

12:26 Kabwe: Lupopo imewakosea nini?

12:26 Papa Didi: Swali nzuri. Hata kuwakosea hawajui.

12:31 Kabwe: Mazembe mkifungwa Kamalondo mnasemaga ni refa

12:33 Mama Mapasa: VITI 80.

12:47 Papa Didi: Na mimi niko na mimba ya miaka kumi na mbili, nakunywa kila siku, munganga hajalalamika.

13:05 Mama Béa: Yaya, hiyo "kugusa mdomo" usinianzie. Tunajua ulivyosema Likasi.

13:06 Mama Mapasa: Likasi imeingia wapi?

13:06 Mama Béa: Imeingia kwa mlango uleule. Niligusa mdomo, ukatangaza nimetema.

13:07 Mama Mapasa: Ulitema.

13:07 Mama Béa: Nilijifuta.

13:08 Mama Mapasa: Mbele ya watu wa Baba. Na leso nyeupe.

13:40 Trésor: *Mesaji hii imefutwa*

19:44 Béa: Nimetoka kazini sasa, miguu imevimba kama ndiye mimi mwenye mimba. Naandika mara moja, msome wenyewe.

19:47 Béa: Mama akinywa, pombe inaingia kwenye damu yake, inapita kwenye kondo la nyuma, inafika kwa mtoto. Kondo haichuji pombe. Muda si mrefu damu ya mtoto inakaribia kuwa na pombe sawa na ya mama. Lakini mama ana ini la mtu mzima, na la mtoto bado linajengwa. Mama ameshalala, ameamka, imemtoka. Mtoto bado anayo. Akikojoa inaingia kwenye maji anayoogelea, anayameza tena.

19:49 Béa: Ubongo unajengwa miezi yote tisa, si mitatu ya kwanza tu. Ndiyo maana mtoto anaweza kutoka na kilo 3 na sura nzuri, halafu shida ionekane darasa la pili. Hatulii, anasahau alichoambiwa sasa hivi, hesabu haimwingii. Mwalimu anamchapa akisema ni kichwa ngumu.

19:52 Béa: Sasa "kidogo". Kidogo ya nani? Chupa kubwa ya bia, sentilita 72, ikiwa ya asilimia 5, ina gramu 28 hivi za pombe tupu. Wafaransa wanahesabu glasi moja kuwa gramu 10. Kwa hiyo ile Tembo moja ya Jumapili ilikuwa karibu glasi tatu, Mama Mukubwa. Na kibuku cha bido hakina karatasi ya kusoma asilimia. Anayejua nguvu yake ni yule aliyekipika, na siku nyingine hata yeye hajui.

19:55 Béa: Sijasema tone moja litamharibu mtoto. Kuna bamama wengi walikunywa kidogo na watoto wao ni wazima. Nasema hakuna aliyewahi kupata kipimo cha kusema mpaka hapa ni salama. Kwa hiyo tunawaambia: acha kabisa mpaka ujifungue. Na aliyekunywa kabla ya kujua ana mimba asianze kulia usiku, aache tu leo.

19:56 Béa: Damu haiongezwi na rangi nyeusi ya chupa. Ni vile vidonge tunavyogawa siku ya kupima mimba, ambavyo mnaviweka juu ya kabati. Na majani ya sombe, maharagwe, viwavi vya finkubala.

20:01 Papa Didi: Finkubala! Nani anapika finkubala Jumamosi?

20:02 Kabwe: Na nyanya nyingi, zikauke vizuri

20:02 Mama Mapasa: Finkubala haiko kwenye bajeti.

20:03 Papa Didi: Munganga ameandika.

20:04 Béa: Mujomba…

23:58 Junior Ubelgiji: Bonsoir familia, samahani, kazi. Yaya Béa ana haki. Hapa nimeshika chupa ya divai ya Ufaransa, nyuma kuna kipicha cha mama mwenye mimba na glasi, wamekipiga mstari. Kule kila chupa inacho, au maneno ya kukataza, tangu 2007.

JUMANNE

05:30 Feri: Bonjour familia 🌹

05:52 Mama Mapasa: Junior, saa sita ya usiku, siku ya kazi, umeshika chupa ya nini?

05:53 Mama Mapasa: Na turubai ulisema utasaidia.

05:55 Mama Mapasa: Béa mtoto wangu, nimesoma yote. Hiyo ni mambo ya wazungu na chupa zao. Wakati wa Baba ilikuwa wapi?

12:34 Béa: Ilikuwepo, Mama Mukubwa. Mwaka 1968 munganga wa Nantes, Ufaransa, anaitwa Paul Lemoine, aliandika na wenzake juu ya watoto 127 wa wazazi walevi: sura zao, kilo zao, akili zao. Hata kwao wachache tu ndio waliomsikia. Mwaka 1973 waganga wa Marekani wakaandika habari hiyohiyo na kuupa ugonjwa jina, ndipo dunia ikageuza shingo. Katuba haikufika.

12:36 Béa: Na wazungu nao si kwamba walikuwa na neno moja. Uingereza waliwaambia bamama waache, lakini anayeamua kunywa asipite kipimo kimoja au viwili, mara moja au mbili kwa wiki. Mwaka 2016 wakakifuta hicho kipande cha pili.

12:41 Mama Mapasa: Kwa hiyo na wao walikuwa wanakunywa.

12:41 Papa Didi: 😂😂😂 Amekukamata Béa

12:44 Mama Béa: Yaya, mtoto amekueleza kwa heshima.

12:45 Mama Mapasa: Kwa heshima ndiyo. Lakini kikombe haiko bia ya kuuza. Ni ya kuwakumbuka waliotangulia. Mtu akiipita, watu wa Baba watasema mkwe wa Mapasa anajiona. Mimi ndiye nitabaki nao hapa, si Béa, si Junior.

12:46 Mama Béa: Kama ulivyosema mimi najiona. Likasi.

12:46 Mama Mapasa: TOKA LIKASI.

15:20 Mama Mapasa: Viti. Mtu mmoja tu ajibu. Mmoja.

18:33 Grâce: Tantine, Nkambo, mama yenu, ameomba nimsomee kikundi. Nimemsomea. Anataka kuongea.

18:41 Grâce: 🎤 Sauti, 2:10

18:50 Papa Didi: Mega zangu zimeisha, sauti haifunguki. Anasema nini?

19:02 Grâce: Naandika maneno yake kama alivyosema:

"Mapasa, nimesikia. Grâce amenisomea yote, hata mambo ya Likasi. Ile kikombe iko yangu, haiko yako. Baba yako aliniachia mimi. Nilipokuwa na mimba ya Feri, baba yenu alikuwa anatoka kazini na kibuku kwenye bakuli ya bati, amefunika na gazeti. Ananiambia kunywa, hii ni unga, ni chakula, itakupa nguvu. Nikanywa. Kila jioni. Alikuwa ananipenda, ndiyo maana alikuwa analeta. Feri alikaa miaka mitatu bila kusema neno. Sijui kama ni ile. Wakati ule hakuna mtu aliniuliza, na mimi sikuuliza mtu. Huyu mtoto, bibi ya Trésor, Jumamosi atakaa karibu yangu. Kikombe ikifika, ataweka mkono juu yake, atanipa mimi. Nimemaliza. Na Didi, turubai yangu iko wapi."

JUMATANO

05:30 Feri: Bonjour familia 🌹

05:31 Grâce: Bonjour tonton Feri 🌹

05:31 Mama Béa: Bonjour ndugu yangu 🌹

05:34 Mama Mapasa: Bonjour Feri. Umelala vizuri?

05:40 Feri: 👍🏿

07:10 Béa: Nkambo, hakuna munganga anayeweza kukuambia leo kwamba ilikuwa ile. Watoto wanachelewa kusema kwa sababu nyingi. Jioni nitapita nyumbani, usipike.

07:12 Mama Mapasa: Mama amesema. Imeisha.

07:13 Mama Mapasa: Viti.

08:02 Papa Didi: Turubai naileta leo.

10:40 Mama Mapasa: Ila munkoyo haiko pombe. Munkoyo atakunywa kama watu wengine. Na hiyo pia msiniambie ni 1968.

13:15 Béa: Munkoyo inategemea siku, Mama Mukubwa. Ule uji wa mahindi uliotiwa mizizi jana na kuchujwa leo ni mtamu, hata watoto wanapewa. Ule uliokaa siku tatu kwenye bido iliyofungwa si huohuo tena. Mnakumbuka siku ya mazishi? Kifuniko kiliruka kikagonga taa, na plafoni ya Nkambo ina doa mpaka leo. Kinywaji cha watoto hakirushi kifuniko.

13:16 Papa Didi: Ile ilikuwa bido bora katika historia ya familia.

13:18 Béa: Mama Ngoie anapika lini?

13:20 Mama Mapasa: Leo. Amekwisha kununua mizizi.

13:20 Béa: Leo ni Jumatano.

13:21 Mama Mapasa: Najua kalenda.

13:26 Mama Béa: Na sisi wa kanisa, tutengewe bido moja ya kupikwa Ijumaa. Ile ya siku tatu hatunywi.

13:27 Mama Mapasa: Kanisa lenu leso nyeupe, munkoyo nyeupe.

13:27 Mama Béa: Umeanza.

14:09 Clarisse: Bonjour bamama na bapapa.

14:10 Clarisse: Samahani kuingia. Niko humu tangu siku ya mazishi, yaya Grâce aliniongeza.

14:10 Papa Didi: Aïe.

14:14 Clarisse: Nilikuwa nasoma tu. Mimi sikukataa kikombe kwa ajili ya mtoto. Ni harufu ya kibuku, inanitapisha, hata kupita mlangoni. Ndivyo nilimwambia Trésor. Haya ya damu na ubongo nimeyasoma hapa kwa yaya Béa.

14:16 Clarisse: Lakini munkoyo nakunywa. Nikitoka soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, kila siku glasi mbili, kwa yule mama wa kona. Nilifikiri inanisaidia maana chakula hakikai tumboni.

14:19 Béa: Clarisse, usiogope. Ile yake ni tamu au inauma?

14:21 Clarisse: Asubuhi ni tamu. Jioni inauma ulimi kidogo, na kuna povu. Mimi napita jioni.

14:22 Béa: Ile ya kuuma ulimi acha kuanzia leo. Kesho ni siku ya kupima, njoo mapema, tuongee pia na mambo ya kutapika. Na uje na vidonge vyako nione umekunywa vingapi.

14:23 Clarisse: Viko juu ya kabati 🙈

14:25 Mama Mapasa: Mkwe wangu, juu ya nini hukuniambia mimi mwenyewe kwamba ni harufu?

14:25 Mama Mapasa: Ningekuelewa. Mapasa walinifanya hivyo na samaki.

14:31 Mama Mapasa: Clarisse?

15:02 Trésor: Mesaji 112. Kuko nini?

15:03 Mama Mapasa: Trésor, hujalipa kuku.

15:30 Kabwe: Nimeona sasa mambo ya viti. Vile 60 vya Likasi viko bado kwa yule mzee, nimuulize?

15:31 Mama Béa: Vya wapi?

15:44 Mama Mapasa: Mama Ngoie amesimama hapa mlangoni kwangu na mizizi kichwani. Anauliza: anapika bido nne leo, au tatu leo na moja Ijumaa? Ya Ijumaa ataongeza franga ya taksi. Nani anaiongeza?

16:20 Mama Mapasa: Bado amesimama.