Mjadala: Bango la filamu ya kutisha linaruhusiwa kumtisha asiyekata tiketi?

Mwanzisha mada, Chumbageni

Wadau wa Tanga, heshima kwenu. Vijana wetu wametengeneza filamu ya kutisha: jini mwanamke anawaandama wasafiri wa usiku barabara ya Pangani. Filamu sijaiona na wala sina ugomvi nayo. Ninachokileta hapa ni bango lake. Limebandikwa Ngamiani karibu kila barabara, hadi kwenye ukuta unaotazamana na geti la shule ya msingi. Mwanamke wa buibui, mdomo umelowa damu, kwato za punda zinachungulia chini ya pindo, mkononi kamning'iniza mtoto mchanga. Herufi za jina nazo zinachuruzika.

Msimamo wangu nautanguliza tusije tukazungushana. Kava la DVD au jalada la gazeti unalifuata mwenyewe dukani, ukilichukia unaliacha. Bango la ukutani ndilo linalokufuata. Mtu katoka kununua mihogo, hana habari na filamu ya mtu. Kwa hiyo ukutani pawe na masharti makali kuliko kwenye kava, na hata kuliko ndani ya filamu.

Na msiniambie huu ni ushamba wa mkoani. Mwaka 2007 kule Los Angeles, filamu iitwayo Captivity ilitangazwa kwa mabango yanayoonyesha mwanamke akitekwa, akifungiwa, akiteswa na kuuawa, picha moja baada ya nyingine. Wakazi wakaja juu, mabango yakashushwa. Chama cha kampuni za filamu cha Marekani, ambacho hukagua matangazo ya filamu kinazozipangia umri, kikasimamisha kwa muda kuipa filamu ile daraja lake, maana mabango yalitoka bila idhini. Filamu yenyewe ilipoingia kwenye majumba ya sinema, watu hawakwenda.

Fundi grafiki, Ngamiani

Kaka, bango hilo limetoka kwenye kompyuta yangu, kwa hiyo acha niseme na mimi.

Mteja wangu hana televisheni, hana redio, hana bajeti ya trela kurushwa popote. Ana karatasi za A3, gundi ya unga na usiku mmoja wa kubandika. Anayeliona yuko juu ya bodaboda, analipita kufumba na kufumbua. Nikimwekea kivuli na mlango uliofunguka nusu, atadhani ni tamthilia ya ndoa. Nikimwekea damu, ameshajua.

Halafu kuna jambo ambalo nyinyi mnaosema tu hamlijui. Bango jeusi la kutisha ninavyoliona kwenye skrini silo linalotoka kwenye mashine. Karatasi ya bei rahisi inanyonya wino, vivuli vyote vinashikana, uso unakuwa tope. Ndiyo maana naweka rangi kali. Na jua letu hili, wino mwekundu na wa njano ndio unaotangulia kufa. Mkisubiri kidogo tu damu yote itapauka, jini atabaki wa bluu kama mgonjwa. Hapo mtoto gani atamwogopa?

Mama wa Mabawa

Mwanangu, wakati hiyo damu inasubiri kupauka, mimi mtoto wangu wa darasa la pili hataki kupita ukuta ule akitoka madrasa. Giza likianza kuingia lazima nikamfuate. Wewe umeshalipwa, mimi ndiye ninayetembea.

Lakini langu kubwa ni buibui. Kwa nini kila jini wa filamu za pwani lazima avae buibui? Mama yangu alilivaa, mimi nalivaa, na mabinti zangu pia. Watu wa bara wakitusikia tu tunatoka Tanga wanauliza kama tumekuja na majini yetu. Wanatutania, sawa, tumezoea. Sasa sisi wenyewe tunalichapisha na kulibandika!

Mwanasanaa, Bagamoyo

Nachangia nikiwa huku kwetu, nimesoma TaSUBa tangu ikiitwa Chuo cha Sanaa. Fundi, hoja ya bodaboda naikubali, ila jibu lake si damu. The Exorcist, filamu ya mwaka 1973 ya mtoto aliyepagawa na shetani, bango lake lilisimamiwa na mbunifu Bill Gold: mtu wa kofia, mkoba mkononi, amesimama usiku nje ya nyumba, mwanga unamwagika kutoka dirishani. Basi. Shetani hayupo, mtoto hayupo, hakuna tone la damu. Na hilo unalielewa hata ukiwa umepanda gari la kasi, kwa sababu ni umbo moja jeusi na mwanga mmoja. Ubaya wa bango lako ni kwamba lina vitu vinne vinavyogombania jicho. Mtoto, damu, kwato, herufi. Chagua kimoja.

Ningekuwa mimi ningechukua kwato tu. Barabara ya vumbi, alama za nyayo za mwanamke, halafu mbele kidogo nyayo zinageuka kwato. Mtu yeyote wa pwani atasisimka, na mtoto wa darasa la pili ataona punda.

Fundi grafiki, Ngamiani

Hiyo ya nyayo ni kali, siwezi kukataa. Ila usilinganishe. Filamu ile ilitoka kwenye riwaya iliyokuwa imeshauzwa sana Marekani, watu walishalijua jina. Bango lilikuwa linawakumbusha tu. Mteja wangu hajulikani hata mtaa wa pili.

Mdau, Makorora

Mimi niko na fundi. Ghana miaka ya 1980 na 1990 walikuwa wanatembeza video na jenereta kijiji kwa kijiji, mabango wakichora kwa mkono juu ya magunia ya unga. Wachoraji wengine filamu yenyewe hawakuwahi kuiona, wanaweka nyoka na vichwa vilivyokatwa ambavyo ndani ya filamu havimo! Leo magunia yale Wazungu wanayanunua kama sanaa. Wangekuwa na kamati ya kina mama pale, yasingekuwepo.

Mama wa Mabawa

Kwa hiyo nivumilie mpaka Mzungu aje kununua ule ukuta?

Msomaji, Usagara

Nimesoma kimya tangu juu. Mimi nina ualbino. Mnabishana damu na buibui, sawa, lakini mtazameni huyo jini vizuri. Ngozi amepakwa nyeupe, nyusi zimefutwa, macho mekundu. Kila mara filamu zetu zikitaka mzimu, mzimu unafanana na mimi.

Nchi hii watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, mpaka serikali ikatangaza kupiga marufuku waganga wapiga ramli Januari 2015. Mtu anayepita na bodaboda hasomi kwamba ni hadithi. Anachoondoka nacho ni kwamba mtu mweupe wa namna hii si mtu. Damu inapauka, fundi umesema mwenyewe. Hilo la pili halipauki.

Mwanzisha mada, Chumbageni

Ahsante, ndugu. Mimi nilianzia kwa watoto wa shule, ila hili nalipandisha juu ya yote. Damu tunaweza kubishania mahali pa kuibandika: iende kwenye mlango wa kibanda umiza, iende kwenye kava. Sura ya jamii inayowindwa isibandikwe popote, iwe ukutani au dukani. Bodi ya Filamu ipo kwa sheria ya mwaka 1976, inapanga filamu kwa umri. Ninavyoona mimi, anayepeleka filamu apeleke na bango lake mezani pale pale, lipangiwe na lenyewe.

Mdau, Makorora

Ukishaanza kupeleka mabango bodini, kijana wa mkoani atakaa anasubiri muhuri hadi filamu ichuje.

Fundi grafiki, Ngamiani

Ndugu wa Usagara, faili ninalo, ngozi narudisha rangi ya kawaida leo leo. Mama, buibui natoa. Mwalimu wa Bagamoyo, zile nyayo nitazijaribu. Yaliyobandikwa tayari yanahitaji karatasi mpya ya kufunika, na mteja kasema hana hela. Nani ana gundi?