Vijiti vyangu vya dhahabu: mashine inatoa vilele viwili, msimamizi anasema ni uchafu

LolezaJuu: Habari wakuu. Niko Mbeya, namalizia tasnifu ya uzamili. Nimetengeneza vijiti vya dhahabu vya nano. Hadubini ya elektroni inaonyesha unene nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), urefu 100, safi kabisa. Nikivipima kwa leza vikiwa majini, napata kilele (mwinuko kwenye grafu ya ukubwa) cha nanomita 50 na kingine kidogo cha 9. Hakuna 20, hakuna 100! Msimamizi anataka nirudie yote, na chumvi ya dhahabu imebaki kiduchu. Nifanyeje?

Kiwira_: Usimwage kitu, mkuu. Leza haipimi ukubwa. Inafuatilia mwanga unavyopepesa chembe zikihangaika majini, halafu inatumia hesabu ya Einstein ya 1905 kana kwamba kila chembe ni mpira. Kijiti chako kinahama sawa na mpira wa nanomita 50 hivi. Hiyo 50 ni sahihi.

MwanaMatema: Sisi wa ziwani tunalijua hili. Mtumbwi unakata maji ukienda kwa ncha, ukiusukuma kwa ubavu unagoma. Kijiti kirefu chembamba hukutana na ukinzani karibu mara mbili kikienda kwa ubavu.

DadaTukuyu: Mdogo wangu, hiyo 9 nami ilininyima usingizi. Mpira ukijizungusha, mwanga haubadiliki. Kijiti kikigeuka, kinang'aa na kufifia. Chako, kwenye maji ya nyuzi 25, husahau kilikoelekea ndani ya kama sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mashine ikiona mpepeso wa haraka hivyo inadhani kuna chembe ndogo mno, kwa sababu inajua kuhama tu, kugeuka haikujui.

Ila msimamizi mpelekee ushahidi. Kwanza pima maji yenye sabuni uliyotumia kutengenezea vijiti, bila vijiti vyenyewe, maana sabuni nayo hujikusanya vifundo vidogo. Kisha weka sampuli kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) mpaka vijiti vitue, upime maji ya juu. Chembe ndogo za kweli zitabaki humo. Kama ni kugeuka, kilele cha 9 kitaondoka na vijiti.

LolezaJuu: Asante sana dada, umenipa nguvu. Kesho asubuhi naingia maabara.

Kiwira_: Na baridi hii ya Juni, iache sampuli ipate joto ndani ya mashine kwanza. Maji ya nyuzi 15 yana mnato zaidi ya yale ya 25 kwa robo na ushee, na mashine ikihesabu kana kwamba ni 25, vijiti vitaonekana vikubwa kuliko vilivyo.