Death Valley mwezi Desemba: tujiandae kwa joto au kwa baridi?

Mkaazi wa Lanet
Salaam kwenu nyote. Desemba hii mimi na mama yangu, ambaye magoti humsumbua, tutamtembelea kaka yangu anayeishi Las Vegas, naye ameahidi kutupeleka Death Valley, hifadhi ya bonde la jangwa huko California, tuondoke alfajiri na kurudi usiku. Kwa kuwa hapo ndipo palipopimwa joto la nyuzi 56.7 tarehe 10 Julai 1913, mama ameshikilia kwamba tubebe leso na nguo nyepesi tu. Je, yuko sahihi, na siku moja inatosha kuona nini?

Njoro Juu
Dada, kwa hilo usimkubalie mama. Desemba, joto la mchana bondeni huwa nyuzi 18 hivi, na usiku hushuka hadi 3 au 4. Dante's View, mahali pa kutazamia bonde kutoka juu, iko mita 1,669 juu ya usawa wa bahari, yaani kimo cha chini kuliko mji wetu wa Nakuru, lakini upepo wa pale msimu huo hauna huruma. Bebeni makoti na kofia za sufu. Mimi ningehofia zaidi ufupi wa mchana, maana sisi tuliozoea machweo ya saa kumi na mbili na nusu husahau kwamba huko jua huzama kabla ya saa kumi na moja. Piteni mji wa Pahrump ulio njiani, mjaze mafuta hapo, mwanze na Dante's View, kisha Zabriskie Point, mahali pengine pa kutazamia mandhari, na Badwater, uwanda wa chumvi, iwe ya mwisho. Kaka yako apakue ramani mapema, kwa kuwa sehemu kubwa ya hifadhi haina mtandao wa simu.

Mwalimu wa Jiografia
Naongezea kuhusu Badwater, ambayo iko mita 86 chini ya usawa wa bahari. Bonde hilo lilididimia ardhi ilipovutwa pande mbili, kama Bonde letu la Ufa, kwa hiyo maji huingia yasipate pa kutokea, yakakauka na kuacha chumvi. Chumvi inayobaki si magadi kama ya Ziwa Magadi, bali karibu yote ni ile ya mezani, nayo hujipanga katika vipande vyenye pembe nyingi, kingo zake zikiwa zimeinuka na kukwaruza viatu. Agosti 2023, masalia ya kimbunga Hilary yalimwaga kwa siku moja mvua inayokaribia ile ya mwaka mzima, na ziwa likatanda juu ya chumvi hiyo hadi mapema 2024. Mafuriko kama hayo huharibu barabara, kwa hiyo ulizeni hali yake kabla ya kuondoka.

Mkaazi wa Lanet
Nashukuru sana, Mwalimu. Je, mama ataweza kutembea huko?

Njoro Juu
Ataweza. Dante's View na Badwater gari hufika hadi penyewe, na uwanda wa chumvi ni tambarare. Zabriskie Point ndiyo yenye kilima kifupi cha lami. Apande polepole, au abaki garini na chai yake.