Ulinganisho: matembezi ya historia ya vita na siasa Mombasa. Ngomeni, Majengo au Likoni?

Mwalimu_wa_Voi
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote wa kisiwani. Nafundisha historia katika shule ya sekondari huku Voi. Likizo ijayo nawaleta wanafunzi wa kidato cha tatu Mombasa, na tutakuwa na siku moja ya kutembea kwa miguu. Sitaki wapige picha kando ya mizinga kisha wapande basi warudi. Nataka waelewe kwa nini mji huu umegombewa karne baada ya karne, na kwa nini mpaka leo neno ardhi likitajwa Pwani watu wazima hunyamaza au hupandisha sauti.

Nimepata mapendekezo matatu. La kwanza ni mwongozaji wa Mji wa Kale: Fort Jesus (Ngomeni), Ndia Kuu, Leven House, Bandari ya Kale, kumalizia Treasury Square. La pili ni vijana wa Majengo ambao huanzia Makadara, wakapita Majengo na Tononoka, wakashukia upande wa Kilindini wakieleza migomo ya wafanyakazi wa bandari. La tatu ni mzee mmoja wa Likoni aliyekubali kutueleza machafuko ya 1997, tuvuke feri tumfuate kwake. Yote matatu hayaingii katika siku moja. Mlio na uzoefu, nishaurini.

MwanaKibokoni
Waaleikum salaam, Mwalimu. Mimi ni wa Mji wa Kale, kwa hivyo nitasema la Ngomeni, lakini kwa masharti.

Ile ngome ukiieleza vizuri, watoto watapata somo zima la siasa bila kutoka nje ya kuta zake. Wareno walianza kuijenga 1593. Wengi huishia hapo na kurukia Waomani, wakamwacha mtu ambaye mimi ningemweka mbele ya wote: Yusuf bin Hasan. Baba yake, sultani, aliuawa kwa njama za Wareno. Mtoto akachukuliwa Goa, akalelewa na watawa, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa kutawala kama mtu wao. Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua nahodha, akarudi katika Uislamu na kuushika mji. Mwaka uliofuata akaondoka kwa merikebu, akaishi baharini akipambana nao. Wanafunzi wako wana umri unaokaribia wake alipokuwa Goa. Waulize wao wangefanyaje.

Halafu kuna Waomani kuizingira ngome 1696 hadi 1698, karibu miaka mitatu, na waliokuwa ndani waliuawa zaidi na maradhi kuliko risasi. Vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama hapo mbele mwaka 1697, vimo ndani ya makumbusho. Waoneshe.

Sharti langu: mwongozaji asiruke ukoo wa Mazrui. Wao walikuja kama magavana wa Oman wakaishia kujitawala. Mwaka 1824, walipomwogopa Seyyid Said, mtawala wa Oman, walimwomba nahodha Mwingereza Owen wa meli ya Leven awapandishie bendera ya Uingereza. London ikaikataa ahadi ile baada ya muda mfupi, na 1837 Seyyid Said akaingia, akisaidiwa na mivutano ya Mazrui wenyewe na ya makundi mawili ya koo za Waswahili, Tisa Taifa na Thalatha Taifa. Wakubwa wa Mazrui akawakamata na kuwapeleka uhamishoni. Hadithi hii ukiisimulia pale Leven House, bahari iko mbele yenu, haihitaji kuongezwa chumvi.

Wako waongozaji ambao nusu ya muda huupoteza kwenye maduka ya vinyago. Kubaliana naye mapema kwamba dukani hamwingii.

MjukuuWaKuli
Shikamoo MwanaKibokoni. Yote uliyosema ni kweli, lakini ni ya masultani na manahodha. Mwalimu anataka siasa, na siasa ya mji huu kwa karne iliyopita ilipikwa na watu waliobeba magunia.

Januari 1947 mji wote ulisimama. Mgomo ulianza tarehe 13, takriban watu 15,000: makuli wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi wa majumbani. Vita Vikuu vya Pili vimeisha, bei zimepanda, mshahara haumlipii mtu chumba wala chakula. Mikutano ilifanyika katika uwanja uliokuwa ukiitwa Kiembeni. Hapo ndipo Chege Kibachia alipotokea kuwa kiongozi na chama cha wafanyakazi, African Workers' Federation, kikashika kasi. Serikali ikaunda baraza la Jaji Thacker, mishahara ikapandishwa, lakini Agosti mwaka uleule Kibachia akakamatwa na kuzuiliwa Baringo kwa miaka kumi. Kabla ya hapo kulikuwa na mgomo wa 1939, na baadaye wa makuli wa 1955, ambapo Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alishuka kutoka Nairobi kupatanisha.

Mwalimu, miongoni mwa waliobeba mizigo bandarini walikuwamo Wataita, Mijikenda, Wakamba, Wajaluo. Baadhi ya wanafunzi wako huenda babu zao walikuwa Kilindini. Ngomeni watasikia habari za watu wengine. Majengo watasikia za kwao.

Na mgogoro haukukoma na ukoloni. Mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa, Islamic Party of Kenya ilinyimwa usajili, na mitaa hii ikawa ya mawe na gesi ya machozi. Vijana wa Majengo wanajua kuyaeleza hayo kwa sababu wazazi wao waliyaona kwa macho.

Bi_Mwembekuku
Wanangu, mmetaja mengi na mmeliruka lililo kubwa. Mwambao.

Mwalimu, mwongozaji yeyote atakayekuja, mpigie simu kabla umuulize jambo moja: bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa ikipepea juu ya Ngomeni mpaka lini, na kwa nini? Asipojua, mwache, hata kama Kireno anakisema. Ukanda wa maili kumi wa Pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliusimamia kwa mapatano ya 1895. Uhuru ulipokaribia, wako waliotaka Pwani ijitenge au irudi Zanzibar, wako waliotaka Kenya moja, na wako waliotaka serikali za majimbo, waliokuwa na mwanasiasa Ronald Ngala. Nyumba moja ilikuwa na ndugu wa pande mbili. Tume ya Robertson ya 1961 ikapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakakubaliana London. Waislamu wakaahidiwa makadhi wao, na hati za ardhi zilizokuwapo zikaahidiwa kuheshimiwa.

Hapo kwenye hati ndipo wanafunzi wako watapata jibu la swali lako la ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mtu adai ardhi yake na athibitishe kwa karatasi. Waliokuwa na vyeti na mawakili wakasajili. Mijikenda waliokuwa wakilima kwa pamoja, bila karatasi, wakajikuta maskwota katika ardhi ya mababu zao, na iliyobaki ikawa ya Serikali ya Mfalme. Kwa hivyo 1963 ilipoahidi kuheshimu hati, ilimheshimu mwenye karatasi. Kilio cha “Pwani si Kenya” kilichosikika miaka hii ya karibuni kilianzia huko, si jana. Mimi nimeolewa Kisauni na nina ndugu huko wasio na hati mpaka leo, na nasema haya kwa uchungu.

Ukipita mtaa wa Kuze pia wataje habari za Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapo, mfanyakazi wa baraza la mji, aliyefungwa miaka mitatu baada ya kuandika karatasi ya kuikosoa serikali mwaka 1968. Watoto wajue kwamba uhuru wenyewe ulikuwa na wafungwa wake.

MjukuuWaKuli
Bi, nakubaliana na kila neno. Lakini matembezi ya Mji wa Kale huishia 1895 mara nyingi, kana kwamba Waingereza walipofika siasa ilikufa. Ngome yenyewe ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na nimesikia waongozaji wakilipitia hilo kwa sentensi moja.

MwanaKibokoni
Marahaba kijana wangu. Hilo ni kosa la mwongozaji, si la mahali. Bendera anayoisema Bi ilikuwa Ngomeni, si Tononoka.

Mkaazi_wa_Likoni
Mwalimu, nakujibu kwa heshima. Usituletee watoto Likoni kwa matembezi.

Usiku wa Agosti 13, 1997, watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, polisi wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Kisha yakafuata mashambulizi dhidi ya watu wa bara, nyumba na vibanda vikateketezwa, zaidi ya watu 100 wakafa na maelfu kwa maelfu wakahama. Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi. Tume ya uchunguzi ya Jaji Akiwumi ilisikiliza ushahidi wa yote hayo. Lakini hapa mtaani aliyechomewa na aliyetuhumiwa bado wanachota maji katika bomba moja. Ukipita na kundi la wanafunzi, mwongozaji akanyoosha kidole kwenye nyumba ya mtu, utakuwa umeamsha jambo ambalo sisi ndio tutakaobaki nalo mkishapanda feri.

Huyo mzee kama amekubali, mwombeni avuke yeye. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu. Mketi naye ndani, mlango umefungwa, aseme anachotaka na anyamaze anapotaka. Na wanafunzi wako wenye asili ya bara na wa Pwani wote wawepo, msiwatenge.

Hili pia ni la Majengo. Mitaa ile ilipata misiba mikubwa baada ya 2012, na familia zipo. Vijana wako waongozaji wasielekeze misikiti wala milango.

Shamsi_Guraya
La Likoni naliunga mkono. Mimi naongeza ya kawaida tu. Anzeni mapema asubuhi, kabla jua halijakaza, maana ndani ya ngome kivuli ni kidogo. Barua ya shule ukija nayo, kiingilio cha wanafunzi huwa nafuu. Ijumaa epukeni Mji wa Kale karibu na adhuhuri. Wasichana na wavulana wavae nguo za heshima, na kabla ya kumpiga mtu picha wamwombe.

Mwalimu_wa_Voi
Nawashukuru sana, hasa Bi Mwembekuku na Mkaazi wa Likoni. La Likoni nimelifuta leo hii, na mzee nitamwomba avuke, akipenda. Nimepanga hivi: asubuhi Ngomeni na Leven House, mwongozaji akishajibu swali la bendera kwenye simu. Habari za Mwambao na hati za 1908 nitazieleza mwenyewe, hapohapo juu ya ukuta, kwa sababu nafundisha watoto ambao wazazi wao wana kesi za ardhi. Kisha Treasury Square, chakula, na alasiri vijana wa Majengo watuchukue kutoka Makadara hadi Tononoka kwa habari za 1947. Kilindini tutaiona kwa mbali.

Swali moja limebaki. Wakuu, kutoka Ngomeni hadi Makadara watoto arubaini watembee, au niwatafutie matatu?

Bi_Mwembekuku
Watembee, Mwalimu. Makadara si mbali. Pitieni Treasury Square kama ulivyopanga, halafu mwingie kwa ndani. Kama mzee wa Likoni atakuja, niambie siku. Nina ukumbi wa chama chetu cha kina mama, una mafeni na majamvi, nitawapikia mahamri na mbaazi.

Mkaazi_wa_Likoni
Mwalimu, niambie jina la huyo mzee kwa ujumbe wa faragha. Nikimjua, nitamsindikiza hadi ng'ambo na kumrudisha.